Mfumo wa faili wa ndani ya kerneli: usajili lini, usisajili lini

Kila Jumamosi mchana vijana wanne watano hujibana kwenye chumba changu hapa Ng'ong'ona, Dodoma, tukiandika moduli za Linux, yaani vipande vya msimbo vinavyopakiwa ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi). Wengine hunitumia maswali WhatsApp usiku wa manane. Swali nililolijibu mpaka nimechoka ni hili: "Kaka, mfumo wangu wa faili ni wa ndani ya kerneli tu, hakuna mtu atakayeugusa. Je, lazima niite `register_filesystem`?" Na ndugu yake: "Mbona nimesajili, lakini `mount` bado inanikatalia?"

Jibu fupi: kama hakuna aliye nje ya kerneli atakayeutaja mfumo wako kwa jina, usisajili. `kern_mount`, inayoufungua mfumo kwa matumizi ya kerneli yenyewe, inakutosha. Wengi wenu mnasajili kwa sababu mmefungua `fs/pipe.c` (chanzo cha pipefs, mfumo wa ndani wa kerneli), mkaona waandishi wake wamesajili, mkaiga. Jibu refu utalipata kwa mikono yako hapa chini. Tenga saa mbili hivi, umeme ukikubali.

Nadharia, kidogo tu

Kerneli ina orodha moja ya majina ya mifumo ya faili. `register_filesystem` inaongeza jina lako kwenye orodha hiyo, basi. Mtu akiandika `mount -t ext4`, kerneli inapitia orodha ikitafuta "ext4". `kern_mount` haina haja na orodha, kwa sababu wewe mwenyewe unaikabidhi pointa ya aina yako ya mfumo wa faili. Mama ntilie wa Sabasaba anadaiwa leseni kwa kuwa anauzia watu. Akirudi nyumbani kuwapikia wanawe ugali na mlenda, nani anamdai leseni?

Katika mwongozo huu "kupachika" ndiyo kazi ya amri ya `mount`: kuufungua mfumo wa faili na, kwa kawaida, kuuweka kwenye saraka fulani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mashine pepe yenye Ubuntu 22.04. Nimechagua hiyo kwa makusudi, maana matokeo ninayoonyesha ni ya huko. VirtualBox inafaa, RAM ya GB 2 inatosha.
- Nakala ya hali ya mashine pepe, uihifadhi kabla ya hatua ya kwanza. Utakuja kunishukuru.
- Vifaa vya kukompaili: `sudo apt install build-essential strace linux-headers-$(uname -r)`. Usipakue chanzo kizima cha kerneli. Tunza bando lako, faili za heda zinatosha.
- C ya kawaida. Kama pointa bado zinakusumbua, rudi huko kwanza.
- Laptopu iliyochajiwa.

Tafadhali, usifanye haya moja kwa moja kwenye laptopu yenye ripoti yako ya mafunzo kwa vitendo. Kosa dogo ndani ya kerneli haliangushi programu moja, linaangusha mashine nzima.

Hatua ya 1: Soma orodha yenyewe

```
cat /proc/filesystems
```

Mistari mingi inaanza na `nodev`, maana yake mfumo huo hauhitaji diski. Tafuta `pipefs`, `sockfs` na `bdev`. Hawa watatu ni wa ndani, lakini wamo kwenye orodha. Sasa tafuta `anon_inodefs`. Hayumo. Wala `nsfs` hayumo. Hao nao ni wa ndani, wanafanya kazi kila sekunde kwenye mashine yako, na hawajasajiliwa.

Huniamini? Mwangalie systemd, programu namba 1 kwenye mashine:

```
sudo ls -l /proc/1/fd | grep anon_inode
```

Utaona vitu kama `anon_inode:[eventpoll]` na `anon_inode:[signalfd]`. Faili hizo zinaishi ndani ya mfumo ambao jina lake halimo kwenye orodha.

Hatua ya 2: Jaribu kupachika pipefs na anon_inodefs, uone makosa yanavyotofautiana

Usiruke hatua hii. Ndiyo iliyowafungua macho vijana wangu kuliko maelezo yote niliyowahi kutoa. `strace` inaonyesha maombi ambayo programu inaitumia kerneli.

```
sudo strace -e trace=mount mount -t pipefs none /mnt
sudo strace -e trace=mount mount -t anon_inodefs none /mnt
```

Soma mwisho wa mstari wa `mount(...)` katika kila amri. Ya kwanza inaishia `-1 EINVAL`. Ya pili inaishia `-1 ENODEV`, na `mount` inaongeza kwamba aina hiyo ya mfumo wa faili haijulikani.

`ENODEV` inasema: nimetafuta jina, sikulipata. Kerneli ilijaribu hata kumwita `modprobe` alete moduli yenye jina la `fs-anon_inodefs`, ikatoka mikono mitupu. `EINVAL` inasema: jina nimelipata, mfumo umefunguka, ila umewekewa alama ya `SB_NOUSER`, yaani haupachikwi kwenye saraka za watumiaji. Kwa hiyo pipefs kasajiliwa na bado mtumiaji hawezi kumpachika. Usajili wake haumpi mtumiaji chochote zaidi ya mstari mmoja ndani ya `/proc/filesystems`.

Hatua ya 3: Jiulize maswali kabla hujaandika msimbo

La kwanza, ambalo wengi wanalisahau: je, unahitaji mfumo wa faili kweli? Kama unachotaka ni kumpa mtumiaji namba ya faili yenye `file_operations` zako (jedwali la kazi zinazoitwa faili ikisomwa au kuandikwa), ita `anon_inode_getfd` ukalale. Nusu ya waliokuja kwangu na "mfumo wa faili wa ndani" waliondoka na mstari huo mmoja. Angalizo lake ni kwamba faili za namna hiyo kwa kawaida huchangia inodi moja (rekodi ya kerneli inayoelezea faili). Ukihitaji kila faili iwe na inodi yake, yenye ukubwa wake na kurasa zake za kumbukumbu, hapo ndipo unahitaji mfumo wako mwenyewe. dma-buf (ya kushirikisha kumbukumbu kati ya vifaa) na DRM (sehemu ya kerneli ya michoro) wana yao kwa mahitaji ya aina hiyo, na hawakusajili.

La pili: kuna mtu atakayeandika `mount -t jina_lako`, au mstari wa `/etc/fstab`? Kama yupo, sajili, hakuna mjadala.

La tatu: kuna sehemu nyingine ya kerneli itakayokutafuta kwa jina, kupitia `get_fs_type`? Ni nadra. Ikiwepo, sajili.

Kama mfumo unauhitaji kweli, na majibu ya la pili na la tatu ni hapana, endelea na hatua ya 4 bila kusajili. tmpfs, mfumo unaoweka faili kwenye kumbukumbu, ni mfano wa mwenye sababu zote mbili: watumiaji wanaipachika kwa jina, na kerneli nayo ina mpachiko wake wa ndani inaoutumia kwa kumbukumbu ya pamoja. Ndiyo maana msimbo wake unaita `register_filesystem` na `kern_mount` pia.

Hatua ya 4: Andika moduli isiyosajili

Tupo Dodoma, jina ni zabibufs. Weka hii kwenye `zabibu.c`:

```c
#include <linux/module.h>
#include <linux/fs.h>
#include <linux/mount.h>
#include <linux/pseudo_fs.h>

#define ZABIBU_MAGIC 0x5A424255

static struct vfsmount *zabibu_mnt;

static int zabibu_init_fc(struct fs_context *fc)
{
	return init_pseudo(fc, ZABIBU_MAGIC) ? 0 : -ENOMEM;
}

static struct file_system_type zabibu_type = {
	.name            = "zabibufs",
	.init_fs_context = zabibu_init_fc,
	.kill_sb         = kill_anon_super,
};

static int __init zabibu_init(void)
{
	zabibu_mnt = kern_mount(&zabibu_type);
	if (IS_ERR(zabibu_mnt))
		return PTR_ERR(zabibu_mnt);
	pr_info("zabibufs: imepachikwa ndani\n");
	return 0;
}

static void __exit zabibu_exit(void)
{
	kern_unmount(zabibu_mnt);
}

module_init(zabibu_init);
module_exit(zabibu_exit);
MODULE_LICENSE("GPL");
```

Mambo matatu ya kuangalia hapa.

`kern_mount` hairudishi NULL ikishindwa. Inarudisha pointa iliyobeba namba ya kosa, ndiyo maana tunapima kwa `IS_ERR`. Ukiandika `if (!zabibu_mnt)` moduli itapakiwa ikijifanya nzima, kisha itakulipukia mbele ya safari.

`init_pseudo` ndiyo inayoweka ile alama ya `SB_NOUSER` tuliyoiona. Ukikuta somo la zamani linatumia `mount_pseudo`, hilo ni la enzi za kerneli 4.x. Liache.

La tatu ni kitu ambacho hakipo: sijaandika `.owner = THIS_MODULE`. Sijasahau. Mpachiko wowote unashika moduli inayotajwa kwenye `.owner`. Sasa kama moduli inajipachika yenyewe inapopakiwa, inajishika yenyewe, na `rmmod` haitaiondoa kamwe: utaambiwa inatumika. Na anayeitumia ni nani? Ni yenyewe! Kijana mmoja alikesha na hili siku mbili, akifunga programu moja baada ya nyingine akitafuta mtumiaji.

Hatua ya 5: Kompaili, pakia, hakiki

`Makefile`:

```
obj-m += zabibu.o

all:
	make -C /lib/modules/$(shell uname -r)/build M=$(PWD) modules
```

Mstari wa mwisho unaanza na TAB, si nafasi nane. Ukinakili kutoka kwenye simu, TAB huwa inapotea njiani.

```
make
sudo insmod zabibu.ko
sudo dmesg | tail -2
grep zabibufs /proc/filesystems
grep zabibufs /proc/mounts
sudo rmmod zabibu
```

`dmesg` itaonyesha "imepachikwa ndani". `grep` zote mbili hazitatoa kitu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mfumo upo, supabloku yake (rekodi kuu ya mfumo wa faili) ipo, inodi zinaweza kutengenezwa humo, na hakuna mtu wa nje anayeuona. Kuna lalamiko ninalolisikia hapa kila Jumamosi: "Kaka, haipo!" Ipo. Isingekuwepo, `insmod` ingerudisha kosa.

Hatua ya 6: Sasa sajili, uone unapata nini

Nakili faili iwe `zabibu2.c`, na kwenye `Makefile` ongeza `obj-m += zabibu2.o`. Ondoa `zabibu_mnt`, rudisha `.owner = THIS_MODULE` kwenye `zabibu_type`, kisha badilisha sehemu ya kuanza na ya kumaliza:

```c
static int __init zabibu_init(void)
{
	return register_filesystem(&zabibu_type);
}

static void __exit zabibu_exit(void)
{
	unregister_filesystem(&zabibu_type);
}
```

Safari hii `.owner` ni ya lazima. Mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kukuita kwa jina wakati wowote, hata sekunde ile ambayo mwenzake anaandika `rmmod`. Bila `.owner`, kerneli haina namna ya kujua kwamba msimbo unaotumika ni wa moduli inayoondolewa.

Kompaili, pakia, kisha:

```
grep zabibufs /proc/filesystems
sudo mount -t zabibufs none /mnt
```

Sasa jina linaonekana, likiwa na `nodev` mbele yake. Na `mount` inakataa kwa `EINVAL`, sawasawa na pipefs. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili la WhatsApp: umesajili mfumo uliojengwa kwa `init_pseudo`, na `init_pseudo` imeshaufungia mtumiaji mlango. Ukitaka apachike kweli, uache huo, ujenge supabloku yenye mzizi wa kawaida kwa `get_tree_nodev` na kazi yako ya kujaza. Mfano mzuri wa kusoma ni `fs/ramfs/inode.c`, ambayo ni fupi na safi.

Kama kweli watu wa nje watapachika, ongeza pia `MODULE_ALIAS_FS("zabibufs")`. Moduli ikishawekwa mahali pake rasmi na `depmod` (inayoorodhesha moduli zilizopo) kupita, `mount` itaileta yenyewe bila wewe kuipakia kwa mkono.

Hatua ya 7: Ukihitaji vyote viwili ndani ya moduli

Hapa pana mtego, na nadhani umeshauona. Usajili unadai `.owner`. Kujipachika wakati wa kupakiwa kunaikataa `.owner`. pipefs na sockfs hawalioni tatizo hili kwa sababu wamo ndani ya kerneli yenyewe, hawaondolewi na `rmmod`. Kwa hiyo ukiwaiga ndani ya moduli umeiga nusu tu ya hali yao.

Njia ya kutoka ni kutojipachika mwanzoni. Tumia `simple_pin_fs`, ambayo inapachika pale kitu cha kwanza kinapohitajika na kuhesabu wanaofuata, kisha `simple_release_fs` inashusha hesabu na kupachua ikifika sifuri. DRM inafanya hivyo, debugfs (mfumo wa faili wa kuchunguza makosa ya kerneli) pia. Moduli inashikwa wakati ina kazi tu.

Na popote unaposajili pamoja na kupachika kwa mkupuo mmoja, sajili kwanza, pachika baadaye, na kupachika kukishindwa futa usajili kabla ya kurudisha kosa. Watu wanaiandika vizuri njia ya mafanikio, njia ya kushindwa wanaiacha wazi.

Mambo yakikwama

*`make` inasema "missing separator".* Ni TAB. Siku zote ni TAB.

*`make` inalalamika kuhusu alama ya GPL na `kern_mount`.* Umeacha au umebadilisha `MODULE_LICENSE`. `kern_mount` imetolewa kwa moduli zenye leseni huria ya GPL pekee.

*`init_pseudo` haijulikani.* Umesahau `linux/pseudo_fs.h`, au kerneli yako ni ya zamani mno.

*`insmod`: "Invalid module format".* Kerneli ilisasishwa, mashine ikawashwa upya, na hujakompaili tena, au heda ni za toleo jingine. Linganisha `uname -r` na mstari wa vermagic (toleo la kerneli ambalo moduli ilijengewa) kwenye `modinfo zabibu.ko`.

*`insmod`: "Key was rejected by service".* Secure Boot inadai moduli iliyosainiwa. Izime kwenye mashine pepe. Kwenye laptopu yako iache ilivyo.

*`insmod`: "Device or resource busy".* Kuna mwingine amesajili jina hilo hilo, pengine moduli yako ya jana ambayo hukuiondoa. Jina ni moja kwa mashine nzima. Na usiweke nukta ndani ya jina. Nukta zina kazi yake, kama kwenye `fuse.sshfs`, na `register_filesystem` ikikuta jina lenye nukta haikurudishii kosa la kistaarabu, inasimamisha mambo hapo hapo kwa `BUG_ON`.

*`rmmod`: inatumika.* Rudi hatua ya 4, angalia `.owner`. Kama `lsmod` inaonyesha 1 mara tu baada ya kupakia, jibu ndilo hilo. Haitatoka mpaka uwashe upya.

*`ls` inajibu "Killed".* Hii ilinipata mimi mwenyewe, vijana wakiwa wamenizunguka. Nilikuwa nimeandika sehemu ya kumaliza bila `unregister_filesystem`. `rmmod` ikapita vizuri kabisa, nikaandika `ls` nionyeshe faili, ikanijibu neno moja hilo. `mkdir`, Killed. `cp`, Killed. Kijana mmoja akauliza kama ni virusi.

Moduli ilikuwa imeondoka na kumbukumbu yake, lakini orodha ya kerneli bado ilikuwa na pointa ya pale ilipokuwa. Yeyote anayesoma `/proc/filesystems` anakanyaga shimo hilo na kuuawa. Na kwenye Ubuntu `ls` inasoma faili hiyo kila inapoanza, kwa sababu ya maktaba ya SELinux iliyounganishwa nayo. Hakikisha kwenye mashine isiyo na hitilafu kwa `strace ls 2>&1 | grep filesystems`, utaiona.

Ukifika hapo usihangaike kupakia moduli tena ili "irekebishe". Programu iliyouawa ilikufa ikiwa imeshika kufuli ya orodha, kwa hiyo usajili mpya utaganda ukisubiri. Tumia `dmesg`, ikikubali, usome jina la kazi iliyolipuka. Kisha zima mashine pepe kwa nguvu, rudisha ile nakala uliyoihifadhi mwanzoni, na andika `unregister_filesystem` kabla hujaandika kitu kingine chochote.